Kisanduku cha saba

Fomu ambayo wanafunzi hupangia kichupa, yaani video ya wimbo, ina visanduku saba: jina la wimbo, urefu, wahusika, lokesheni, vifaa, bajeti, hadhira lengwa. Vile sita vya kwanza vinaweza kula alasiri nzima. Watu wanabishana kama gari la kuazima litapatikana Jumamosi, nani ana taa ya duara, nani anajua kucheza kweli na nani anasema tu anajua. Kisanduku cha saba kinajazwa kwa sekunde mbili.

"Vijana, miaka 15–35."

Kalamu inafungwa. Kikundi kinainuka kwenda kumtafuta mtu mwenye droni.

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Si uongo. Umri wenyewe umetoka kwenye Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007, na huko una kazi yake. Kwenye kichupa hauna kazi. Ukiuuliza kamera ikae wapi, haujibu. Ukiuuliza maandishi yawe makubwa kiasi gani, au kama droni inahitajika, haujibu.

Na siku ya kushuti maswali ni ya aina hiyo tu.

## Wa miaka 15 na wa miaka 35

Wa miaka 15 yuko kidato cha pili. Simu anayotazamia ni ya mama, au ya kaka, na anaishika kwa dakika chache kabla haijadaiwa. Wa miaka 35 ana watoto wawili na anasikiliza wimbo akiwa kwenye foleni ya Ubungo, macho barabarani. Hawatumii simu moja, hawatazami saa moja, hawacheki neno moja. Ukiwapangia kichupa kimoja, utaishia kwenye vile vitu ambavyo haviwezi kumkera yeyote kati yao: bahari, machweo, gari, watu watatu wanatembea kuelekea kamera kwa mwendo wa taratibu.

Vichupa vingi vya wanafunzi vinafanana kwa sababu hiyo. Nimeshawahi kudhani tatizo ni vifaa. Sidhani hivyo tena.

Tuchukue wimbo mmoja wa mfano na tutembee nao. Mwanafunzi wa chuo anasubiri boom, fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa masomo. Wiki ya tatu ya muhula, simu haijatoa mlio. Wimbo una dakika 3 na sekunde 12, mapigo 100 kwa dakika.

Nani anautazama?

Anaweza kuwa binti wa mwaka wa kwanza, ambaye hali hiyo inampata leo. Anaweza kuwa mtu aliyemaliza zamani, ambaye sasa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa mkopo uleule. Anaweza kuwa mama aliyeko Sumbawanga, ambaye mwanawe amemwambia kwenye simu kwamba anakula vizuri.

Wimbo ni mmoja. Vichupa ni vitatu.

Wa mwaka wa kwanza haelezwi kitu. Ukimwonyesha kidole gumba kinachofungua ujumbe wa salio kwa mara ya kumi asubuhi ile, ameshajua yote. Aliyemaliza zamani anataka vile vitu vya wakati wake: foleni ya kusaini, kitanda kimoja watu wawili wanabebana. Mama anahitaji sahani. Lazima aone wali mkavu bila maharage, na saa ukutani, ndipo aelewe kinachosubiriwa. Na picha ambayo wa mwaka wa kwanza ataiona kuwa ni ya furaha, ile ya siku boom limeingia na watu wanakula chipsi kuku mpaka usiku, mama ataitazama kwa uchungu: kumbe ndiko zinakokwenda.

Wanaosoma taaluma ya vyombo vya habari wanafundishwa jambo hili kupitia Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni aliyeandika mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuipokea maana kama ilivyokusudiwa, akajadiliana nayo, au akaipinga kabisa. Kwenye insha nadharia hiyo hunukuliwa vizuri sana. Kwenye fomu ya kichupa haionekani.

## Neno lipi litafahamika bila kuelezwa

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa kisanduku cha saba si umri. Ni orodha ya maneno na vitu ambavyo mtazamaji wako anavijua kabla hujamwonyesha chochote.

Sapu. Disko. Kubebana. Boom. Ukiandika maneno hayo manne na yote yakabaki bila maelezo, umeshachagua: unazungumza na mtu wa chuo. Wa nje hatajua kwamba sapu ni mtihani wa kurudia, wala kwamba disko ni kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ukijikuta unataka kuweka maandishi ya kufafanua, simama. Ama mtazamaji wako si yule uliyemwandika, au bado hujaamua.

Uamuzi wa namna hii si mpya kwetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alikwenda na nyimbo za Kiswahili, wakati taarabu ya kasri la sultani ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Lugha aliyoimba ilionyesha wazi ni nani waliokuwa wamekaa mbele yake.

Hapa ndipo shaka inapoingia, na ni shaka ya haki. Je, ukimchagua binti mmoja wa mwaka wa kwanza, hujawafungia mlango wengine wote?

Baadhi, ndiyo. Mama hataelewa sapu. Hilo likubaliwe mapema kuliko kujaribu kulitibu kwa mandhari ya bahari. Ila picha chache husomeka na wote bila gharama ya ziada. Mkono unaorudisha kijiko mezani kwa sababu sahani ya jirani ni yake peke yake, huo hauhitaji muhula wowote wa chuo. Shoti mbili tatu za namna hiyo zinatosha.

Sasa kisanduku kinaweza kujazwa upya. Mfano:

*Binti wa mwaka wa kwanza, bweni, kitanda cha juu. Saa nne usiku, taa imezimwa. Simu ya inchi 6.5 imeshikwa wima, mwanga wa skrini umeshushwa. Sikio moja lina spika ya waya, jingine linasikiliza wenzake. Bando limebaki MB 200. Anajua boom ni nini na bado hajalipata.*

Ni mistari sita, na kila mmoja unaamua kitu.

## Uso wa milimita tatu

Chukua ule mstari wa simu iliyoshikwa wima. Skrini ya inchi 6.5 ina upana wa takriban sentimita 7. Kichupa cha mlalo, kile cha 16:9, kikichezwa bila kugeuza simu kinakuwa na kimo cha sentimita 4 hivi. Mwimbaji akisimama mwili mzima na kuchukua nusu ya kimo cha picha, ana sentimita 2. Kichwa ni kama sehemu moja ya saba ya mwili. Uso wake una milimita 3.

Machozi hayaonekani kwenye milimita 3.

Hilo ndilo linaloamua suala la droni, wala si bei yake. Picha ya droni ni nzuri kwenye projekta na kwenye televisheni ya sebuleni. Kwa binti wa kitanda cha juu ni ramani yenye nukta inayotembea. Kwenye wimbo huu wa mfano ningeweka shoti pana tatu tu kati ya zote, kila moja kwa ajili ya kuonyesha mahali papya, na zilizobaki ziwe kifua na uso, au mikono.

Maandishi nayo. Kwenye picha yenye kimo cha pikseli 1080 iliyobanwa kwenye sentimita 4, milimita moja ni pikseli 27. Herufi za pikseli 40, ambazo kwenye kompyuta ya mhariri zinaonekana nadhifu, zinakuwa milimita moja na nusu. Anza na pikseli 70. Ujumbe wa salio usirekodiwe moja kwa moja kutoka kwenye skrini ya simu. Utang'aa, utaonyesha mistari inayotembea, na kuna hatari ya kuonyesha namba ya akaunti ya mtu. Utengeneze kama picha, uuweke juu ya shoti wakati wa kuhariri, na ubaki kwenye skrini muda wa kuusoma kwa sauti mara mbili.

Kisha bando. Kwa makadirio, dakika 3 na sekunde 12 kwa ubora wa 360p ni kama MB 15. Kwa 1080p zinaweza kufika MB 70. Mwenye MB 200 atabaki kwenye 360p, na 360p ina adui zake: majani yanayopepea, mvua, karatasi za kumetameta zinazorushwa hewani, moshi, giza lenye vivuli vingi. Vitu hivyo vinabadilika kila fremu, yaani kila picha moja ya video, na data chache haziwezi kuvibeba, hivyo picha inavunjika vipande vya mraba. Wanafunzi wanatumia nusu ya bajeti kununua moshi wa mkebe, halafu moshi huohuo unageuka matofali ya kijivu kwenye simu ya mtu waliyemkusudia. Ukuta wa rangi moja, kanga yenye michoro mikubwa, taa moja ya upande: hivyo vinasafiri salama.

Spika ya simu haina besi ya kutosha. Kama wimbo wenu unategemea besi kuingia kwenye kiitikio ili watu washtuke, anayetazama bila spika za masikioni hatashtuka. Picha ifanye kazi hiyo: mkato mkali, rangi inayobadilika, mtu anayegeuka ghafla pale pale pigo linapoingia.

Na mlalo au wima? Kama TikTok ndiko mtazamaji wako anakokutana na wimbo kwa mara ya kwanza, na kwa binti huyu ndivyo, lazima ujue kabla ya kushuti. Ukikata kipande cha wima kutoka kwenye picha ya 1920 kwa 1080, unabaki na upana wa pikseli 607, chini kidogo ya theluthi moja. Waimbaji wawili waliosimama pembe mbili za fremu wanapotea wote. Ama shuti kwa 4K, ambako kipande hicho kina pikseli 1215 na kinatosha, na wahusika wakae theluthi ya katikati. Ama zipangwe shoti chache za wima peke yake. Ukichagua wima, acha sehemu ya chini, karibu moja ya tano, na ukingo wa kulia bila kitu cha maana. Maelezo na vitufe vya programu hukaa hapo.

## Mapigo 320

Mapigo 100 kwa dakika yana bahati yake. Kila pigo ni sekunde 0.6, na ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, pigo moja ni fremu 15 kamili. Mapigo manne, kipimo kimoja, ni sekunde 2.4. Wimbo mzima una mapigo 320, vipimo 80.

Ugawanye hivi: utangulizi vipimo 4, ubeti wa kwanza 16, kiitikio 8, ubeti wa pili 16, kiitikio 8, daraja (kipande chenye ladha tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho) 8, kiitikio mara mbili 16, mwisho 4. Andika na saa ya kila mwanzo. Ubeti wa kwanza unaingia sekunde ya 9.6. Kiitikio cha kwanza sekunde ya 48.0. Ubeti wa pili 67.2, na unaisha 105.6.

Kwenye beti, badilisha shoti kila vipimo viwili: shoti 8 kwa ubeti. Kwenye kiitikio, kila kipimo kimoja. Daraja lipumue kwa shoti 2 tu. Utangulizi 2, mwisho 1. Jumla ni shoti 53.

Vikundi vingi hupanga 15. Hesabu hii haifanywi, kisha mhariri anagundua usiku wa manane kwamba ubeti wa pili umejaa picha za ubeti wa kwanza.

Singeli inadai hesabu nyingine. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika yana maana pigo moja ni chini ya fremu 8, na ukikata kwa kila pigo jicho halioni kitu. Hapo unakata kila mapigo manne au manane, na kasi inabebwa na miili ya wachezaji ndani ya shoti.

Rudi kwa binti wetu. Sekunde 9.6 za utangulizi ni zake kuamua kama anabaki. Nembo ya chuo, jina la dairekta, jina la aliyeazimisha kamera, jua linachomoza: zikimalizika hizo, kidole kimeshasogea. Majina yote yaende mwishoni. Shoti ya kwanza kabisa iwe uso wake yeye, ulioangaziwa na simu gizani, kidole kikifungua salio.

Sekunde ya sifuri.

## Kichupa cha karatasi

Hapa ndipo ninapotofautiana na miongozo mingi ya darasani. Wanafunzi huelekezwa wagawe dodoso. Watu 30 wanaulizwa: unapenda kichupa chenye hadithi, chenye dansi, au chenye vyote? Wengi wanachagua vyote. Chati ya duara inachorwa na haibadilishi shoti hata moja, kwa sababu mtu haulizwi anachofanya, anaulizwa anachopenda kusikika akisema.

Badala yake tengeneza kichupa cha karatasi. Chora visanduku 53 kwa kalamu, mchoro wa vijiti unatosha, au piga picha za mnato wenzako wakisimama mahali pa wahusika. Viingize kwenye programu ya kuhariri ya simu, kila mchoro kwa muda wake, chini ya wimbo wenyewe. Ni kazi ya jioni moja.

Kisha watafute watu watano wanaofanana na ulichoandika kwenye kisanduku. Si wanakikundi, si marafiki wa mwimbaji. Watazame kwenye simu zao, saa wanayotazama kwa kawaida. Kaa pembeni, usisimame mbele yao. Andika sekunde ambayo macho yanatoka kwenye skrini.

Wakimaliza usiulize kama wamependa. Sema, "Nisimulie kilichotokea."

Kuna mtego hapa. Mchoro usiotembea unachosha ukizidi sekunde nne au tano, kwa hiyo mtu akichoka kwenye daraja, huenda ni mchoro, si wazo. Usihesabu kuchoka. Hesabu kuchanganyikiwa. Kama watatu kati ya watano wanadhani ujumbe wa kiitikio umetoka kwa mpenzi na si kuhusu pesa, una tatizo ambalo leo linatibiwa kwa kuhamisha karatasi mbili. Baada ya kushuti litatibiwa kwa nauli, chakula cha watu wanane, na kibali kipya.

Nimeona mipango mingi ikigeukia hapa: kikundi kinagundua kwamba kile walichokiona ni kichekesho, watazamaji wanne kati ya watano wanakiona ni huzuni. Inauma. Wimbo umewachagulia hadhira nyingine kuliko waliyoiandika. Ushauri wangu ni kufuata wimbo na kuandika kisanduku upya.

## Siku ya kushuti

Jua la pwani halina huruma kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Linakaa juu ya kichwa na kuacha macho kwenye mashimo meusi. Shoti za nje zifanyike kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Kiza kwetu hakibembelezi. Jua likishazama una kama dakika 20. Katikati ya mchana ingieni ndani, karibu na dirisha, shuka jeupe likiwa upande wa pili wa uso kurudisha mwanga.

Kamera ya simu hupima mwanga wa fremu nzima. Mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe atatoka kivuli. Bonyeza uso wake kwenye skrini, shikilia mpaka mwanga na fokasi vijifunge, kisha rekodi. Shati jeupe pe nalo liachwe nyumbani; krimu au rangi ya udongo ni rafiki zaidi.

Ndani ya bweni, taa ndizo zitakazowasumbua. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za mirija na za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zimewekwa fremu 30, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ikijichagulia 1/60 ya sekunde, mistari ya kivuli inapanda na kushuka kwenye picha. Weka fremu 25 na shata 1/50 au 1/100 kwa programu ya kamera inayoruhusu. Hitilafu hii haionekani vizuri kwenye skrini ndogo mchana wa kazi. Inaonekana nyumbani, wakati hakuna la kufanya. Rekodi sekunde kumi, zitazame kwa umakini, ndipo uendelee.

Wimbo wa kuchezesha wakati wa kushuti uwe na milio minne ya kuhesabia kabla ya kuanza, na uwe ni mseto wa mwisho wa sauti, ule usiobadilishwa tena. Prodyuza akibadilisha kasi au kuondoa vipimo viwili baada ya kushuti, midomo haitakaa kamwe. Spika ikae karibu na mwimbaji. Sauti hutembea kama mita 14 kwa fremu moja, kwa hiyo mwimbaji aliye mita 28 kutoka kwenye spika anaimba fremu mbili nyuma ya kamera iliyo karibu na spika hiyo. Kamera nayo irekodi sauti muda wote, hata kama ni mbaya. Mhariri ataitumia kulinganisha kisha ataizima. Na mwimbaji aimbe kweli, kwa sauti. Anayechezesha midomo tu shingo yake haitembei, na mtazamaji wa karibu analiona hilo hata kama hawezi kulitaja.

Mwendo wa taratibu wenye midomo sahihi unahitaji kurekodi fremu 50 kwa sekunde na kuchezesha wimbo kwa kasi maradufu. Mwimbaji wetu atalazimika kuimba kwa mapigo 200. Afanye mazoezi siku mbili kabla, na iwe kwenye kiitikio chenye maneno machache. Kwenye ubeti usijaribu.

Kikundi cha watu watatu kinahitaji dakika 15 hadi 20 kwa kila mpangilio wa kamera. Saa sita za mwanga mzuri ni mipangilio kama 20. Shoti 53 zitatoka humo hivi: mipangilio mitatu ya kuimba wimbo mzima, teki mbili kila mmoja, na mingine 15 hivi ya hadithi. Teki sita za wimbo mzima ni dakika 19. Kwa 1080p, simu nyingi hula kama MB 130 kwa dakika, kwa hiyo siku nzima ni GB 5 au 6. Kwa 4K zidisha mara mbili au zaidi. Hamishia nakala mbili kabla ya kulala, kwenye vifaa viwili tofauti.

Picha ya jalada ipigwe kama picha, siku hiyohiyo, usoni. Fremu iliyokatwa kutoka kwenye video huwa na macho nusu yamefumba.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Bodi ya Filamu inafanya kazi chini ya Sheria Namba 4 ya 1976 na inapaswa kuulizwa mapema. Zanzibar ina chombo chake. Droni ni habari ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chuo chenyewe lazima kiandikiwe barua kabla jina au nembo yake haijaonekana. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mzazi ndiye wa kusaini. Na wale wanaopita nyuma wakiwa na taulo bwenini hawajawa wahusika kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi. Waulizwe. Binti uliyemwandika kwenye kisanduku anaweza kuwa mmoja wao.

## Mwalimu ana skrini kubwa

Kuna mtazamaji ambaye haandikwi popote na ambaye wote wanamwogopa: anayetoa alama.

Yeye anatazama mara moja au mbili, kwenye projekta, mapazia yamefungwa nusu, akiwa na karatasi ya vigezo. Projekta inakula giza. Ile shoti ya kwanza ya uso gizani, ambayo kwenye simu ni nzuri kabisa, ukutani itakuwa weusi mtupu wenye doa la bluu. Kikundi kikilijua hilo kinaanza kuongeza shoti za kumfurahisha: droni inarudi, mwendo wa taratibu unarudi.

Msiguse shoti. Tengenezeni nakala ya pili yenye mwanga wa kati ulioinuliwa, muijaribu kwenye projekta yenyewe siku moja kabla, na mkabidhi hiyo. Ripoti iwe na kisanduku cha saba kama kilivyoandikwa mara ya kwanza, kama kilivyoandikwa mara ya pili, sekunde ambazo watazamaji watano waliondoa macho, na ni karatasi zipi zilihamishwa. Mwalimu anayefundisha habari za hadhira ataona kazi hiyo kuliko atakavyoona bahari.

## Wakija wengine

Kichupa kikishapandishwa YouTube, grafu ya watazamaji waliobaki itaonyesha mteremko. Wapo watakaoondoka ndani ya sekunde 30 za kwanza, hata kazi ikiwa nzuri; tazama umbo, usitazame idadi. Mteremko laini ni watu kuchoka kidogo kidogo. Shimo la ghafla lina shoti yake, na saa zile ulizoandika kwenye mgawanyo wa vipimo zitakuambia ni ipi. Kilima kidogo ni mahali watu wamerudia. Mara nyingi ni maandishi yaliyopita haraka mno.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Wakati mwingine wanaokuja si wale ulioandika. Binti wa mwaka wa kwanza anautazama, anautuma kwenye kundi la familia bila neno, na sasa mama wa Sumbawanga ameushika mkononi. Hajui boom. Hajui kwa nini uso wa mtoto wa watu umemulikwa gizani. Anachojua ni kwamba mwanawe ameutuma, na hakuandika kitu.

Kichupa kisibadilishwe. Mama atengenezewe kipande chake. Kata kuanzia sekunde ya 48.0 mpaka 105.6: kiitikio cha kwanza na ubeti wa pili wote, sekunde 57.6. Kibane wewe mwenyewe kuwa 480p kabla ya kutuma, kwa megabiti 1 kwa sekunde kitakuwa na kama MB 7, ili programu ya ujumbe isikibane vibaya zaidi. Shoti ya sahani, ambayo kwenye kichupa kizima ilikaa vipimo viwili, ipewe vinne. Maneno ya chuo yaandikwe chini kwa Kiswahili cha nyumbani, herufi za rangi ya maziwa zenye kivuli, si zaidi ya maneno sita kwa mstari:

*Fedha ya chakula haijaingia.*

*Hii ni wiki ya tatu.*

*Sikutaka uwe na wasiwasi, mama.*